Dada, Hizi Hela Umezitoa Wapi?

Mwezi huu naomba tuyaweke pembeni mambo ya wivu, simu za usiku wa manane na mawifi waliokuja kwa wiki moja wakakaa mwaka. Tuongelee kitu ambacho kinagombanisha watu kimyakimya na ambacho kwenye kona hii hatujawahi kukigusa: benki. Sio mikopo, hiyo tumeshaisema mpaka imechuja. Naongelea jambo ambalo zamani lilikuwa jepesi kuliko yote, yaani kwenda kuweka hela yako. Ulikuwa unachukua slipu, unajaza, unapanga foleni, keshia anahesabu, anagonga muhuri, kwaheri. Siku hizi kuweka hela kuna mahojiano kama unaomba viza!

Na kabla hujasema kwamba hayo ni mambo ya matajiri, subiri kidogo. Tajiri ana mhasibu, ana mwanasheria, makaratasi yake yamelala kwenye faili yakisubiri kuulizwa. Anayehangaika dirishani ni wewe na mimi. Ni yule aliyeuza kiwanja cha urithi, aliyepokea mchezo, mweka hazina wa kamati ya harusi, mke anayepeleka mauzo ya duka la mumewe, mume anayemwekea mkewe hela ya ada. Hela za familia zina tabia ya kupita mikono mingi kabla hazijatulia. Benki nayo inapenda hela iliyotoka sehemu moja inayojulikana ikaenda kwa mtu mmoja anayejulikana. Hapo ndipo ngoma inapoanzia.

Nianze na la kwangu. Mwaka jana mdogo wangu aliolewa, na mimi nikatwishwa uweka hazina wa kamati, eti kwa sababu ni dada mkubwa na kazi yangu ni ya kuandikaandika. Michango ikaja kama inavyokuja hapa mjini: mwingine kwenye simu, mwingine kwenye bahasha, shangazi mmoja akaleta laki moja yote ikiwa noti za elfu mbili mbili zenye harufu ya dagaa. Mwezi wa kwanza nikapeleka benki milioni nne taslimu, kwenye akaunti yangu. Keshia akahesabu, akanitakia harusi njema. Wiki tano baadaye, Ijumaa saa nane mchana, nikarudi tawi lilelile, dirisha lilelile, na milioni kumi na moja na laki nne.

“Dada, hizi hela umezitoa wapi?”

Kuuliza simlaumu, na nitaeleza kwa nini. Tatizo lilikuwa sauti. Watu waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wote walishusha simu zao wasikilize jibu. Nikasema ni michango ya harusi. Akataka uthibitisho. Nikatoa daftari lenye jina la kila aliyetoa na kiasi chake, nikatoa na kadi ya mchango yenye jina la mdogo wangu na namba yangu ya simu. Akaenda kwa msimamizi wake, wakarudi wawili. Utaratibu umebadilika, wakasema. Hela ya kikundi kwa kiasi hicho haiingii tena kwenye akaunti ya mtu binafsi. Kikundi kifungue akaunti yake, na ili kifungue kilete muhtasari wa kikao, majina ya watia saini, picha, vitambulisho na barua ya serikali ya mtaa.

Nikauliza umebadilika lini. “Kuna waraka ulikuja.” Nikaomba niuone. “Ni wa ndani, dada.”

Hapo, msomaji wangu, ndipo damu ilipochemka. Waraka ni wa ndani, lakini anayefungwa nao ni mtu wa nje! Wiki tano zilizopita hawakunidokeza. Ukutani kulikuwa na bango la bahati nasibu ya wateja na jingine la mikopo ya wafanyakazi. La utaratibu mpya halikuwepo, hata la karatasi ya kalamu.

Ukumbi ulikuwa unataka salio lake Jumamosi kabla ya saa sita, la sivyo tarehe inakwenda kwa watu wengine waliokuwa wakiisubiri. Kwa hiyo nikatoka mle ndani na milioni kumi na moja kwenye mkoba, machoni pa foleni nzima iliyosikia nina nini. Nilipanda bajaji mpaka nyumbani huku kila pikipiki iliyotusogelea nikiiona ina nia mbaya.

Baba watoto hakufurahi, na simshangai. Hela ya ukoo wangu imelala ndani ya nyumba yake, na ikipotea, nani atamwamini? “Mama, hii hela si yako wala yangu. Ikipungua hata elfu kumi, mimi ndiye nitaambiwa nimekula,” alisema, na alikuwa sahihi. Usiku huo mtu hakulala. Yeye akaja na dawa yake: tuigawe. Tatu tuweke kwenye akaunti yake asubuhi, tatu kwenye yangu tawi jingine, tatu Jumatatu, na kilichobaki kwa wakala pale mtaani. Nikakataa. Tukanuniana hadi adhuhuri ya Jumamosi, wakati mimi nimeshakwenda ukumbini na mkoba wangu kulipa taslimu na kudai risiti.

Sababu ya kukataa hii hapa, na ndiyo hiyo inayonifanya nimtetee yule keshia. Tanzania ilitunga sheria ya kupambana na fedha haramu mwaka 2006. Sheria hiyo inaitaka benki imjue mteja wake, ijue hela inatoka wapi, itoe taarifa serikalini za miamala mikubwa ya taslimu na za muamala wowote unaotia shaka, uwe mkubwa au mdogo. Kukatakata hela nyingi kuwa vipande vidogo ili isiulizwe ni moja ya dalili za kwanza kabisa ambazo benki zinafundishwa kuzitafuta. Yaani ile dawa ya mume wangu, ambayo nadhani nusu ya wanaume wa mji huu wangeitoa, ingetufanya tufanane na wale hasa wanaotafutwa. Na kuna kitu wengi hatukijui: benki ikishapeleka taarifa ya shaka juu yako, sheria inamkataza mfanyakazi wake kukwambia. Kwa hiyo ukimwona keshia anajiumauma, anazunguka, anasema “mtandao unasumbua”, sio kila mara ni jeuri. Wakati mwingine mdomo wake umefungwa.

Halafu kuna joto lililotoka nje. Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa kwenye kile kinachoitwa orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachokagua nchi zinavyodhibiti fedha haramu. Nchi ikiwa kwenye orodha hiyo, benki za nje zinaitazama kwa jicho la pembeni, na kila anayetuma au kupokea hela kutoka ng’ambo anaongezewa maswali. Tulitoka Juni 2025. Majirani zetu Kenya nao waliingizwa Februari 2024. Kwa hiyo katika miaka hiyo benki zetu zilikuwa zinakaguliwa, nazo zikatukagua sisi. Naelewa, na nakubali kabisa kwamba hela ya dawa za kulevya na ya meno ya tembo isipite kirahisi dirishani. Nisichokubali ni mimi kujulia utaratibu pale dirishani, nikiwa na hela za watu mkononi.

Na wala usidhani hundi ingeniokoa. Mjomba, mwenyekiti wetu wa kamati, ni mtu wa enzi zile. Anaamini mwanamume mwenye heshima hatoi bahasha, anaandika hundi. Basi akaandika yake ya milioni mbili, kwa mwandiko mzuri wa shule ya misheni, na pale kwa mlipwaji akaweka “Kamati ya Harusi” ikifuatiwa na majina ya maharusi. Ikasomwa kikaoni, ikapigiwa vigelegele. Kumbe hundi ile haikuwa na pa kwenda. Kamati ya Harusi haina akaunti, na hundi iliyopigwa mistari miwili pembeni haitolewi taslimu dirishani. Lazima iingie kwenye akaunti ya jina lilelile lililoandikwa. Kumwambia mjomba aandike upya ikawa kazi ya wazee wawili na soda. Alihisi tunadharau hundi yake.

Kwa wale ambao bado mnapokea hundi, na kwenye send-off na harusi bado zinatolewa, mambo machache yamebadilika wakati tumelala. Tangu mwaka 2015 hundi ya benki moja ikiwekwa benki nyingine haisafiri tena kwa gari mpaka kwenye meza ya kubadilishana. Inapigwa picha, picha ndiyo inayosafiri. Faida yake ni kwamba haichukui siku nyingi kama zamani, wakati ambapo hundi ya Mwanza ilifika Dar imechoka kama abiria. Hasara yake ni kwamba mashine haina huruma. Ukifuta neno ukaandika juu yake, ukitofautisha kiasi cha maneno na cha tarakimu, saini ikipinda kwa sababu mwandishi sasa ana miaka sabini na mkono unatetemeka, inarudi. Ikikaa kwenye droo zaidi ya miezi sita, inarudi. Hundi kubwa ya zaidi ya milioni 10 haipiti kabisa kwenye njia hiyo ya benki kwa benki. Unaambiwa utumie uhamisho wa moja kwa moja. Kenya waliweka ukomo wa shilingi milioni moja za kwao tangu Oktoba 2009. Afrika Kusini wao wamemaliza kabisa: hundi zilikoma huko mwisho wa mwaka 2020. Kwa hiyo mkishindwa kumbadilisha mjomba, muda utambadilisha.

Ila kuna hundi moja inayoleta machozi, nayo ni ile iliyoandikwa “Bwana na Bibi Fulani”. Tamu sana kuisoma ukumbini! Jumatatu bwana arusi anaipeleka kwenye akaunti yake, inakataliwa kwa sababu hundi ni ya wawili na akaunti ni ya mmoja. Bibi arusi akijaribu ya kwake ni shida zaidi, maana akaunti yake na kitambulisho chake cha taifa vyote vina jina la baba yake, hundi ina jina la mume. Benki inadai cheti cha ndoa au kiapo cha majina, na cheti chenyewe bado mchungaji au shehe hajakikabidhi. Nimewahi kuona wawili wamerudi kutoka fungate Zanzibar wakiwa na hundi tatu za aina hiyo na hawana nauli ya daladala.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu tumefika mahali ambapo suala linaacha kuwa la usumbufu linakuwa la nani mwenye mali.

Nina shoga yangu, jina lake nalihifadhi, anayeendesha mgahawa. Anaanza saa kumi alfajiri, chapati, supu, baadaye wali na maharage. Jioni ana laki tatu, siku nzuri nne. Kwa miaka alikuwa akiweka kwenye akaunti yake ya akiba bila neno. Siku moja akaambiwa hela ya biashara isiingie kwenye akaunti binafsi, alete leseni na namba ya mlipakodi wa biashara. Leseni ilikuwa ya mume, kwa sababu mume ndiye aliyekuwa na nafasi ya kufuatilia halmashauri wakati mke yuko jikoni. Basi wakafanya kilicho rahisi: mauzo yakaanza kuingia kwenye akaunti ya mume. Ilikuwa suluhisho la mchana mmoja. Likadumu miaka mitatu.

Walipoachana, akaunti ilikuwa na jina moja.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 60, inasema mali iliyo kwa jina la mume peke yake au mke peke yake itachukuliwa kuwa ni yake, mpaka athibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, inachukuliwa kuwa ni yao kwa usawa, vilevile mpaka ithibitishwe vinginevyo. Soma tena hayo maneno “mpaka athibitishwe”. Maana yake mwenye jina anakaa, asiye na jina ndiye anayepanda na kushuka ngazi za mahakama akitafuta mashahidi. Sisemi hana haki. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilishakubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa, sembuse kukaanga chapati alfajiri. Lakini mchango unauthibitisha kwa nini, ikiwa kila slipu ya kuwekea hela kwa miaka mitatu inasoma jina la mwingine? Shoga yangu aliokolewa na kitu kimoja: slipu zilikuwa na sehemu ya “aliyeweka”, na yeye alikuwa akisaini mwenyewe kila jioni. Alikuwa amezitupia kwenye boksi la viatu, sio kwa ujanja, ni kwamba hapendi kutupa karatasi.

Ndiyo maana nasema benki inapobadilisha kanuni ya wapi uweke hela, isidhani imebadilisha foleni tu. Ndani ya nyumba imeshabadilisha nani mwenye mali mbele ya sheria. Na sisi wenyewe tunapokea mabadiliko hayo kwa kusema “weka kwangu tu, mpenzi, kuna shida gani?” Leo hakuna shida. Mimi na baba watoto baada ya ile Ijumaa tulilikalia hili, na nakiri mazungumzo hayakuwa matamu, maana mwanaume ukimtajia kifungu cha sheria usiku anadhani unafungasha mizigo. Nikamwambia hapana, nafungasha hela. Tukafungua akaunti ya pamoja.

Hata hiyo ina mtego wake. Kwenye fomu kuna sehemu ndogo, ambayo ofisa aliipitisha haraka kama tangazo la dawa, inayouliza nani ana mamlaka ya kutoa: yeyote kati ya wawili, au lazima wote wawili. “Yeyote” ni rahisi, mmoja akiwa safarini mwingine analipa ada. Pia ni rahisi mmoja kuzoa yote Jumatatu asubuhi. “Wote wawili” ni salama, mpaka siku mmoja amelazwa na mwingine anahitaji hela ya hospitali. Sisi tulichukua “wote” kwa akaunti ya ujenzi na “yeyote” kwa ile ya matumizi, ingawa ada ya akaunti ya pili inaniuma kila mwezi. Nyie mtachagua yenu. Ila msimwachie ofisa awajazie.

Mnataka kujua jinsi hela inavyojua siri za watu? Kumbukeni mwanzo wa mwaka 2025. Benki Kuu ilitangaza kuziondoa noti za zamani, zile za kuanzia mwaka 1985 mpaka 2003 pamoja na ile noti ya mia tano ya 2010, na kutoa muda wa kuzibadilisha kuanzia Januari 6 mpaka Aprili 5. Jamani, yaliyoibuka humo majumbani! Chini ya magodoro, ndani ya ndoo za unga, kwenye mshono wa koti la harusi. Mama mkwe wangu alitoa kwenye sanduku lake furushi la noti ambazo baba mkwe, Mungu amlaze pema, hakuwahi kujua zipo. Hakuzificha kwa ubaya. Zilikuwa za kulea wajukuu siku mazao yakigoma. Tukampeleka benki na akaulizwa swali lilelile, “Bibi, umezitoa wapi?” Akajibu, “Kwa mume wangu, kidogokidogo.” Keshia alicheka mpaka akasahau kudai uthibitisho.

Huyo alikuwa na bahati ya kuwa na watu wanaosikiliza redio. Aliyekuwa kijijini bila taarifa, Aprili 6 aliamka na karatasi. Kenya walishapitia hili mwaka 2019: tarehe 1 Juni ikatangazwa kwamba noti za zamani za shilingi elfu moja mwisho wake ni Septemba 30. Mimi naona miezi mitatu ni michache kwa nchi kubwa kama yetu. Hela ya mwanamke wa kijijini hailali benki, inalala mahali ambapo mume hapaoni, na tangazo likimfikia kupitia kwa mume huyohuyo amekwisha.

Na msitwambie kirahisi hivyo kwamba tuache taslimu tuingie kwenye mitandao. Tuliingia! Halafu Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 mpaka shilingi 10,000 kwa muamala mmoja kulingana na kiasi. Watu wakapiga kelele, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 ikaingia mpaka kwenye miamala ya benki, kelele zikazidi, na kuanzia Oktoba mwaka huo serikali ikafuta sehemu yake kubwa. Sasa niambie, mtu aliyekatwa mara mbili kwa kumtumia mama yake hela ya dawa, unashangaa akirudi kwenye bahasha? Bahasha za harusi ya mdogo wangu zilikuwa nono kwa sababu hiyohiyo. Wachangiaji kadhaa waliniambia wazi: “Dada, nakuletea mkononi, sitaki kukatwa.” Wanafukuzwa huku, wanahojiwa kule.

Kuhusu ule muhtasari wa kikao, tuliuandika. Jumatatu mwenyekiti, katibu na mimi tulikwenda serikali ya mtaa, tukapata barua na muhuri, tukafungua akaunti ya kikundi kwa ajili ya hela zilizobaki na zilizokuwa zinakuja. Ilichukua siku nne. Harusi ilifana, MC alichelewa, keki ilikuwa nzuri kuliko ladha yake. Jambo moja zuri lililotoka humo ni kwamba kwa mara ya kwanza katika ukoo wetu mweka hazina alisoma matumizi kutoka kwenye taarifa ya benki na hakuna aliyenong’ona. Najua kamati zilizovunja undugu kwa laki mbili zisizo na maelezo. Kwa hiyo ukipewa uweka hazina, fungueni hiyo akaunti siku ya kikao cha kwanza, watia saini watatu, kabla bahasha ya kwanza haijafika. Jina la akaunti liwekeni kwenye kadi ya mchango, mjomba wenu aone aandike nini kwenye hundi yake. Ukiuza kiwanja au gari, nenda na mkataba wa mauziano siku hiyohiyo ya kuweka hela. Ukimwekea mwenzako, andika jina lako kwenye slipu na sababu, “ada ya watoto”, “mauzo ya mgahawa”, na nakala usiitupe. Na swali la hela limetoka wapi una haki ya kuomba uulizwe pembeni. Nimejaribu, walinipeleka kwenye kiti.

Mwisho niliwaandikia. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinataka mteja aelezwe masharti kwa uwazi, nami nikazitaja kwenye barua yangu kwa meneja wa tawi. Niliomba mambo mawili: kiasi ambacho wanaanza kukidai uthibitisho kibandikwe ukutani pamoja na orodha ya karatasi zinazokubalika, na keshia apunguze sauti. Barua ilipokelewa na kugongwa muhuri, nakala ninayo kwenye boksi la viatu. Wiki iliyopita nilipita pale. Bango la bahati nasibu limebadilishwa, sasa wanatoa friji. La kwangu bado. Likibandikwa nitawaambia hapahapa, na la meneja kama atanijibu nitalichapisha neno kwa neno.